Televisheni Tuliyoishusha Chini

Baba alikuwa anapofuka, nasi tukaenda kumnunulia televisheni. Naliandika hilo mwanzoni kabisa nisije nikapata nafasi ya kulipamba. Sisi si watoto. Mimi ni karani wa ghala kule Industrial Area, kazi yangu kutwa ni kutazama namba za mizigo na kuhakikisha hazijakosewa. Ndugu yangu anaendesha lori. Mama ameishi na mwanamume huyo tangu akiwa msichana. Watu watatu wenye macho mazima, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Tulichanga pesa, tukavaa nguo za kanisani, tukaenda mjini kuchagua inchi.

Wazazi wangu wanaishi mtaa wa Tena, hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, nyumba ambayo ukifungua dirisha la jikoni unaona kamba za nguo za jirani na ukuta. Baba ni mchongaji. Alitoka Ukambani na tezo na patasi zake, akajiunga na wenzake kwenye kibanda cha mabati, na humo ndimo alimotutolea karo, kodi na unga. Twiga, ndovu, vifaru. Yeye anachonga, Mama anapiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mti unang'aa, kisha wachuuzi wanakuja kubeba. Ndiyo kazi ya nyumba yetu. Mimi mwenyewe vidole vyangu vililiwa na msasa kabla sijajua kusoma.

Televisheni yenyewe ilikuwa ile ya zamani yenye kisogo, nzito kama gunia la mahindi. Baba aliinunua mwaka aliopata oda kubwa ya vifaru, na siku ilipoletwa watu wa ploti nzima walipanda ngazi kuja kuiona. Juu yake Mama alitandika kitambaa alichokishona mwenyewe kwa sindano ya mkono, na juu ya kitambaa akasimamisha twiga. Ilikuwa na spika mbili kubwa ubavuni. Sauti yake ilikuwa ya kushiba. Msomaji wa habari akianza kuongea ungedhani mmeketi naye kochi moja na anangoja chai.

Rimoti ilikuwa mali ya Baba. Saa moja jioni, taarifa ya habari, hakuna kuongea, hakuna kugongagonga sufuria. Anayeruhusiwa kuongea ni yeye tu, na anaongea na wanasiasa. "Mwongo! Huyo mwongo tangu azaliwe! Muulize ile barabara iko wapi!" Tulicheka sana zamani, tukijificha nyuma ya mto wa kiti. Ukweli ni kwamba nyumba yetu ilikuwa na furaha saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote.

Halafu akaanza kulalamika. "Hii kitu inafifia." Anaipiga kofi la kichwa, twiga anaruka, anaipiga tena. "Picha imeingia ukungu. Angalieni hii." Sisi tunaangalia. Mimi niliiona ile picha vizuri sana, nataka hilo lieleweke. Niliona mpaka tai ya msomaji wa habari na doa lililokuwa kwenye tai. Jumapili moja nikathubutu kusema, "Lakini Baba, mbona mimi naona iko sawa?" Mama akanitupia jicho lile ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Nikanywa chai yangu.

Kwetu baba hasahihishwi. Baba akisema kuna baridi, wewe unaleta sweta. Hata fundi wa mtaa tulipomwita, aliifungua, akapuliza vumbi, akatazama picha, akamtazama mzee, akatutazama sisi. Akasema, "Ni kweli mzee, hizi za zamani huwa zinachoka." Akalipwa, akaenda. Adabu zake hizo! Angeniambia mimi pembeni tu, kwenye ngazi.

Na si televisheni peke yake iliyoharibika. Balbu za siku hizi zilikuwa hafifu. Gazeti lilikuwa limepunguza wino. Wanaouza miti walikuwa wanamletea mti mbaya wenye mafundo, ndiyo maana ameacha twiga wadogo na anachonga ndovu wakubwa tu, halafu ndovu nao akawaacha, akawa anaenda kibandani kunywa chai na wenzake. Mwenye nyumba alikuwa amejenga ngazi vibaya. Kila kitu Nairobi kilikuwa kimeanza kuharibika kwa wakati mmoja, na sisi tuliitikia, ndiyo Baba, dunia imeharibika. Nakasirika nikikumbuka. Hayo yote yalikuwa ugonjwa mmoja, na ulikuwa umesimama katikati ya nyumba unatungoja tuusalimie.

Hakuwahi kusema anataka televisheni mpya. Hilo pia nataka lieleweke. Alisema tu ile imeharibika. Sisi ndio tuliokaa kwangu Donholm, mimi na ndugu yangu, tukacheka. "Mzee ameona zile za ukutani kwa watu, sasa anatuzungusha," ndugu yangu akasema. "Si aseme tu anataka yake." Nikamwambia mzee hawezi kuomba, tumfanyie kabla hajaomba. Tulijiona watoto wazuri mno. Mama zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilikuwa imefika, akaongezea. Nilipompigia kumwambia tumepata ya kutosha, aliniuliza mara mbili kama tumeamua kweli, kisha akasema, "Sawa. Labda itamsaidia." Nikadhani simu inakatika.

Tulienda Jumamosi. Ndugu yangu alikuwa safarini, kwa hivyo tulikuwa watatu, mimi, Mama na Baba. Duka lilikuwa kwenye ule mtaa wa mjini ambao kila mlango unauza redio na spika, na kila mlango unapiga wimbo wake. Mama alimshika Baba kiwiko tangu tuliposhuka mpaka tulipoingia. Nilifikiri anaogopa wezi wa simu.

Ndani, ukuta mzima ulikuwa televisheni, zote zinaonyesha samaki wale wale wa rangi. Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu, ulimi hauna mfupa. "Karibu mzee wangu! Leo hutoki hapa mikono mitupu. Niambie bajeti, usinifiche, mimi ni kama binti yako." Nikamwambia bajeti. Hakukunja uso, namshukuru kwa hilo. Akatuonyesha njia mbili. Kwa pesa ile tungepata moja kubwa, ya mtumba kutoka Ulaya, picha yake nzuri ila hakuna waranti, na spika zake, alisema mwenyewe, "si za kupigia harusi." Au tungepata ndogo mpya, yenye waranti ya miaka miwili, na pesa inayobaki ikatosha wufa, spika nene ya kuweka chini.

Baba akauliza swali moja tu siku hiyo nzima. "Hiyo ya spika, hebu niisikie."

Dada akaiwasha. Mtu akazungumza, sauti nzito, ikajaa dukani hata kelele za nje zikapungua. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza. Nilimwona uso wake ukilegea. Nami, mwerevu wa namba, nikaingilia. "Baba, sauti utasikia tu, haina shida. Wewe si ulisema shida ni picha? Chukua kubwa. Ukubwa ndio muhimu kwa macho yako." Nilisema hivyo hivyo. Macho yako. Ulimi ulijua, mwenye ulimi akawa hajui.

Baba akainua kichwa. Angesema nini? Kusema anataka ya sauti ni kusema picha haimsaidii. Kusema picha haimsaidii ni kusema lile jambo lenyewe, mbele ya binti yake, mbele ya dada wa dukani, mbele ya wanunuzi waliojazana mgongoni. Mama alikuwa bado amemshika kiwiko, anatazama sakafu.

"Mzee, wewe ndiye mwenye nyumba, wewe ndiye utaamua," dada akasema. Akawasha televisheni mbili kubwa, zimekaa bega kwa bega. "Nionyeshe ipi inaonyesha vizuri kushinda nyingine, hiyo ndiyo tutafunga." Baba akasogea. Akaziangalia kwa muda, kisha akanyoosha kidole, bila wasiwasi, kama mtu anayechagua mti. "Hii hapa ni safi."

Ile aliyoionyesha ilikuwa haijapata hata picha. Ilikuwa samawati tupu, juu mpaka chini, na maandishi madogo ya kusema hakuna mawimbi.

Dada akaangua kicheko. "Wuui, mzee anatuchezea! Mzee mtundu huyu!" Mama akawahi haraka, "Baba yao anapenda mzaha." Baba naye akacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikampiga Baba begani kidogo, nikalipa. Nimelirudia kichwani jambo hilo mara nyingi sana na sijawahi kupata mahali ambapo sicheki.

Ndugu yangu aliporudi aliitundika ukutani. Ikawa kubwa kweli, imekula ukuta, hata kalenda ya kanisa ikahamishiwa jikoni. Ya zamani haikuwa na pa kukaa. Baba ndiye aliyesema ishushwe kwa jirani wa chini, mama mmoja mjane kutoka pwani anayepika mahamri na mbaazi na kuuza asubuhi pale langoni. Televisheni yake ilikuwa imeungua siku stima iliporudi kwa nguvu. "Lakini mwambieni ukweli," Baba akasisitiza. "Mwambieni ni mbovu, haionyeshi vizuri, asije akadhani tumemdanganya." Ndugu yangu na mlinzi wa ploti wakaibeba ngazi tatu, wanatukana chini kwa chini kwa uzito. Mama akabaki na kitambaa chake mkononi, hana pa kukitandika. Kitu chembamba kama kile huwezi kukitandikia kitambaa.

Niliwatembelea wiki iliyofuata, nimebeba mkate na maziwa, natarajia kushukuriwa. Saa moja ikafika. Msomaji akatokea, mkubwa kuliko binadamu, na sauti yake nyembamba kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Baba alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yanakaribia ukuta. Hakumwita mtu mwongo. Alikaa tu, mikono mapajani. Mama kwenye kochi alikuwa anasema polepole, "Huyo sasa ni yule gavana... wako kwenye daraja... maji yamejaa." Nilimuuliza mbona anasimulia kitu ambacho sote tunakiona. Akasema amezoea.

"Baba, unaionaje?" nikauliza.

"Ni kubwa," akasema. "Asanteni sana, mwaitu." Huniita hivyo, mwaitu, mama yetu kwa Kikamba, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Kwa kawaida akiniita hivyo nasikia raha. Siku hiyo nilijishughulisha na kukata mkate.

Ukweli uliletwa na sahani ya mahamri. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tumekaa. Yule jirani wa chini akabisha, akaingia na sahani imefunikwa vizuri, mahamri bado ya moto. Alikuja kushukuru, kama watu wa kwao wanavyojua kushukuru, kwa maneno mengi na matamu. "Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Mliniambia mbovu, ubovu wenyewe siuoni! Picha yake angavu kama maji ya kisima. Wajukuu wangu wamekaa mbele yake wiki nzima, hawatoki. Ina ubovu gani ile, mzee wangu? Haina ila hata moja!"

Yule mama akatuangalia mmoja mmoja, tabasamu likamkauka, akajua amekanyaga kitu lakini hajui ni kitu gani. Mama akashika upindo wa leso yake. Mimi nilimtazama Baba, na kwa mara ya kwanza nikamtazama macho yenyewe. Yalikuwa yameelekezwa mlangoni, kidogo pembeni ya pale aliposimama jirani.

"Haina ila?" Baba akauliza.

"Haina, mzee wangu."

"Haya," akasema. "Basi si televisheni."

Mama akalia hapo hapo. Alilia kwa sauti, mbele ya mgeni, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata matangani. Jirani akaweka sahani mezani, akaketi kando yake, akamkumbatia. "Nyamaza dada yangu. Mficha maradhi kilio humfichua. Sasa limejulikana, litafutiwe dawa." Baba alinyoosha mkono mezani akatafuta hamri, akaikosa sahani, akaikosa tena, na safari hii hakuna aliyejifanya hajaona. Nikamwekea moja kiganjani.

Kwenye kliniki ya macho, daktari alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Akasema ni presha ya macho, imeua mishipa taratibu, haiumi, haipigi kelele. Kilichokwenda hakirudi. Dawa za matone zitalinda kidogo kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo mno. Akauliza ameanza lini kuona ukungu. Baba akasema hakumbuki. Daktari akatugeukia sisi. Hakusema tungemleta mapema. Alituangalia tu, kisha akaandika dawa.

Mama aliniambia mambo yake tukiwa tunasubiri dawa kwenye benchi. Alijua zamani. Alijua kwa msasa. Mchongaji huacha macho ya mnyama mpaka mwisho, na Mama alipokuwa akipiga msasa vichwa vya twiga alianza kukuta jicho moja limepanda na lingine limeshuka. Mara jicho limekaa shavuni. Wachuuzi wangewakataa. Basi alikuwa anachukua kisu kidogo, Baba akienda kuoga, anayasawazisha, kisha anapiga msasa juu, anapaka rangi. Amefanya hivyo muda mrefu. Baba hakujua, au alijua akanyamaza.

"Kwa nini hukutuambia?" Nilimuuliza kwa hasira, sikuweza kuizuia, watu wakageuka.

"Ningesema nini?" akajibu. "Niwaambie watoto wake kwamba baba yao hawezi kazi? Na yeye mwenyewe hajasema? Nilingoja aseme." Akakunja leso, akaikunjua. "Kila siku nilingoja aseme." Nilitaka kumgombeza zaidi, lakini nikakumbuka duka, na samawati tupu, na mimi nacheka. Nikamshika mkono, ule wenye vidole vilivyolika na msasa, tukangoja kuitwa.

Tulijaribu kuirudisha ile kubwa. Ya mtumba hairudishwi. Nikafikiria kununua wufa, lakini siku hizi kila ninachokitoa kinaingia kwenye matone, na matone ni ya kila mwezi.

Juzi nilipitia Tena baada ya kazi. Mlango ulikuwa wazi, Mama anachambua mchele. Televisheni ilikuwa imezimwa, na juu yake kimening'inizwa kitambaa kikubwa cheupe alichokishona upya, kimeifunika yote, mbele mpaka chini. "Yuko chini," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Hushuka kila jioni. Hataki kushikwa."

Nikashuka. Kwa jirani kulinukia iliki na mafuta ya kukaangia. Wajukuu walikuwa mkekani, kimya, kumbe sheria ya nyumba yetu imehamia huko. Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa televisheni yake, hakuitazama kabisa, sikio ndilo lililoelekea kwenye spika na kiganja amekilaza juu ya televisheni, pale alipokuwa akisimama twiga. Ile sauti nene ilijaa chumba. "Mwongo!" Baba akafoka. "Muulizeni ile barabara iko wapi!" Watoto wakacheka wakijificha nyuma ya mto.

Nikaketi kando yake. Akasikia, akageuza kichwa.

"Nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Mwaitu. Picha iko namna gani leo?"

"Iko safi, Baba. Haina ukungu hata kidogo."

Akatikisa kichwa, akaipapasa juu. "Hii ilikuwa televisheni nzuri," akasema. "Mliitoa ya nini?"

Yule mama wa pwani aliacha kukoroga chungu chake. Ni yeye aliyesema ishushwe, lakini nilipomtazama Baba nikaona anauliza kwa dhati, anangoja jibu.

"Tulikosea, Baba," nikamwambia. "Ni sisi hatukuona."